Msiri wa Bunkeya na Jamaa Yake

Mji wa Lubumbashi una komini saba, na Annexe ndiyo inayozizunguka nyingine kama ua unavyoizunguka nyumba. Huko nje ya mji kuna mashamba ya mihogo na ya mahindi, na udongo mwekundu unaoshika miguu wakati wa masika. Huko pia husikika mara nyingi swali moja gumu: shamba hili ni la nani? Mmoja asema, mimi nilifyeka pori. Mwingine asema, babu yangu alizikwa hapa. Wa tatu aleta karatasi yenye muhuri. Ndipo wazee wakalishwe chini, na maneno yaanze.

Swali hilo ni la zamani katika nchi ya Katanga. Karibu na mwaka 1856 alifika huku kijana mmoja, mgeni, ametoka mbali upande wa mashariki. Aliomba mahali pa kukaa, naye akapewa. Kabla hajafa, mgeni huyo alikuwa anatawala nchi yote iliyo kati ya mto Lualaba na mto Luapula, na wale waliompokea walikuwa wanamtolea kodi. Jina lake Ngelengwa, lakini watu wengi humjua kwa jina la Msiri.

Baba yake Msiri aliitwa Kalasa. Kwao ni Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, upande wa Tabora. Nao walikuwa watu wa kabila la Wasumbwa, ndugu wa Wanyamwezi. Watu wa huko walisifiwa kuliko wote kwa kusafiri na kuchukua mizigo. Kijana ambaye hajaenda safari aliitwa mtoto tu, hata akiwa na ndevu. Kalasa alikuwa mfanyabiashara. Kazi yake ilikuwa kuja Katanga kununua shaba.

Safari hiyo ilikuwa ya miezi mingi kwa miguu. Mchukuzi alitwika mzigo begani, akapita misitu ya miyombo, akavuka mito, akalala porini huku moto unawaka usiku kucha kwa ajili ya simba. Akipita katika nchi ya Kazembe penye mto Luapula, alitoa hongo ili apewe njia. Alipofika Katanga alitoa nguo na ushanga, akapokea shaba. Kwa nini mtu ajitaabishe hivyo? Kwa sababu kwao Unyamwezi shaba ilitakiwa sana kwa bangili na kwa masango ya mikononi na miguuni, na mawe yake hayakuwako huko.

Shaba ya Katanga ilikuwa imechimbwa karne nyingi kabla Wazungu hawajaijua nchi hii. Wachimbaji walingoja mavuno ya mtama yaishe na mvua zikatike, kisha wakaenda kupiga kambi mlimani. Walitafuta mawe ya rangi ya kijani, wakayavunja, wakayachagua. Mafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kwa maana udongo huo haupasuki upesi kwa moto. Wakapanga makaa na mawe, tabaka kwa tabaka, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi ya mnyama mpaka shaba ikayeyuka na kutiririka chini. Halafu waliimimina katika mifereji waliyoichora mchangani kwa mfano wa msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ndiyo iliyokuwa fedha ya wakati ule. Kwa misalaba mtu alinunua mbuzi, alinunua jembe, alitoa mahari. Hawakuifanya kwa kumfuata Bwana wetu, maana habari zake zilikuwa hazijafika. Lilikuwa umbo tu lililofaa kufungwa na kuchukuliwa begani. Mwaka 1960, Katanga ilipojitangaza kuwa nchi ya peke yake, misalaba mitatu ya namna hiyo ilitiwa katika bendera yake.

Basi Kalasa alijifanyia urafiki na wakubwa wa Wasanga, wenye nchi. Alipozeeka alimtuma mwanawe. Ngelengwa aliijua njia, aliujua ufundi wa biashara, na zaidi ya hayo alikuwa na bunduki. Zilikuwa bunduki za gumegume, chache sana. Lakini katika nchi isiyozijua, mlio mmoja uliwatia watu hofu kuliko mishale mia.

Mkubwa wa Wasanga aliyeitwa Mpande alikuwa akisumbuliwa na Waluba kutoka kaskazini. Msiri akamsaidia, Waluba wakafukuzwa. Tangu siku hiyo mgeni hakuwa mgeni tena. Wenzake walizidi kuja kutoka Unyamwezi, nao wakaitwa Wayeke, yaani wawindaji wa tembo, kwa maana ndilo jina la chama cha wawindaji kwao. Mkubwa mmoja akifa, Msiri aliingia katika shauri la urithi. Wawili wakigombana, alimsaidia mmoja, kisha akamtawala yule aliyesaidiwa. Vita vyake vilikuwa vingi, na kuvihesabu vyote kungechosha. Mwishowe alitwaa cheo cha Mwami, na ufalme wake ukaitwa Garenganze.

Mtu akisoma Maandiko atakumbuka kwamba Abrahamu naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu. Alipofiwa na Sara hakuwa na hata kipande cha ardhi cha kumzikia mkewe, akalinunua shamba la Makpela mbele ya mashahidi, akapima fedha yote bila kupunguza. Msiri hakununua. Alipewa kidogo kwa urafiki, na kilichobaki alikitwaa kwa nguvu. Wasanga hawakulisahau jambo hilo.

Karibu na mwaka 1880 mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, katika uwanda wa upande wa mto Lufira, kaskazini ya mahali ulipo mji wa Likasi leo. Haukuwa mji wa nyumba zilizosongana. Ulikuwa vijiji vingi vilivyotawanyika, kila kimoja na boma lake na mashamba yake, na katikati boma la Mwami. Watu walikuwa maelfu. Sokoni zilisikika lugha za kila namna: Kisanga, Kiluba, Kilunda, Kilamba, Kiyeke, Kiswahili cha pwani, na hata Kireno.

Msiri alikuwa amefungua njia mbili. Njia moja ilikwenda mashariki, mpaka Tabora, mpaka Bagamoyo na Unguja. Njia ya pili ilikwenda magharibi, mpaka Bihé na Benguela katika Angola, kwenye bahari nyingine. Hilo lilikuwa jambo la akili. Waarabu wa mashariki wakipandisha bei ya baruti, aliwaambia wa magharibi. Wa magharibi wakikataa, akawarudia wa mashariki. Kwake vilitoka shaba, chumvi ya Mwashya na pembe za ndovu. Vikaingia bunduki, baruti, nguo na ushanga. Wayeke waliwaonyesha watu wa huku namna ya kuvuta shaba iwe nyuzi nyembamba za kufanyia masango. Husimuliwa pia kwamba wao ndio walioleta viazi vitamu na dawa ya kuchanja ndui. Mtoto alaye kiazi kitamu asubuhi kabla ya kwenda shule anakula katika biashara ya Kalasa na mwanawe.

Lakini katika njia hizo mbili walipitishwa watu pia. Lazima jambo hili lisemwe wazi, maana wengine wakimsifu Msiri hulipita kimya. Watu wa Lamba, wa Luba na wa makabila mengine walivamiwa vijijini mwao, wakafungwa, wakauzwa kama mbuzi. Mwanamke aliyekuwa akitwanga mtama asubuhi, jioni alikuwa njiani na mti shingoni. Wengi hawakufika popote. Kila pipa la baruti lililoingia Bunkeya liliwaletea wengine msiba kama huo. Na nje ya boma la Mwami wageni waliona vichwa vya watu juu ya miti, vichwa vya adui na vya waliokasirisha.

Jamaa ya Msiri ilikuwa kubwa kupita kiasi. Husemwa kwamba wake zake walizidi 500. Sulemani mfalme alikuwa na wake wengi kuliko hao, na Maandiko yasema waligeuza moyo wake. Kanisa hufundisha ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, wala si vigumu kuona sababu: mtoto wa baba kama huyo angemwonaje babaye, ila kwa mbali, akipita katikati ya askari?

Hata hivyo anayedhani Msiri aliwaoa kwa anasa tu hajaifahamu siasa yake. Kila nchi aliyoitiisha ilitoa binti wa ukoo wa wenye nchi. Binti huyo alikaa Bunkeya, akapewa kijiji chake, mashamba yake na watu wa kumtumikia. Mkubwa wa nchi ile akija kuleta kodi alifikia kwa ndugu yake huyo. Yeye alimweleza Mwami shauri la mgeni, na kumweleza mgeni hasira ya Mwami. Hivyo mke alikuwa kama balozi wa kwao. Alikuwa pia rehani, kwa maana nani atamwasi Mwami ikiwa dada yake au binti yake amelala ndani ya boma lake? Wanawake hao walikuwa na akili na nguvu, na baadhi yao waliogopwa kuliko wazee wa baraza.

Mmoja aliyejulikana sana aliitwa Maria de Fonseca. Alitoka upande wa Angola, na alikuwa ndugu wa mfanyabiashara Coimbra, mtu wa damu ya Kireno na ya Kiafrika, aliyeleta bunduki na baruti. Msiri alipomwoa Maria alikuwa ameioa njia ya magharibi. Upande wa mashariki napo alikuwa na wake waliomfunga na wafanyabiashara wa huko. Katika watoto wake wa kiume, wanaokumbukwa zaidi ni Mukanda-Bantu na Kitanika, nao tutawaona tena.

Tarehe 14 Februari 1886 alifika Bunkeya Mskochi mmoja, Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti. Alikuja bila askari na karibu bila mali. Kwanza waganga walipewa kazi ya kumpima, wajue kama moyo wake ni mweupe kama ngozi yake. Walipomaliza, mfalme alimpokea kama baba anavyompokea mwana. Arnot alimwona kuwa mzee mwenye uso wa kucheka. Alikaa, akafundisha, akatunza yatima. Wenzake wengine walifuata. Ni ajabu kuwaza kwamba mzee yule mwenye kucheka ndiye aliyekuwa na ile miti nje ya boma. Lakini watu ndivyo walivyo mara nyingi. Wabaya kabisa bila jema lolote hupatikana katika hadithi tu.

Wakati huo huo, mbali sana, watu wasioijua Bunkeya walikuwa wanaigawa. Katika mkutano wa Berlin wa mwaka 1884 na 1885, mataifa ya Ulaya yalipatana jinsi ya kutwaa nchi za Afrika. Katanga ilichorwa ramani kuwa ya Léopold II, mfalme wa Wabelgiji. Cecil Rhodes, Mwingereza mwenye mali nyingi huko kusini, aliitamani pia kwa sababu ya shaba. Mwezi wa Novemba 1890 alikuja Alfred Sharpe, ametumwa kwa upande wa Waingereza, na karatasi ya mkataba mkononi. Msiri alitaka asomewe yaliyoandikwa humo. Alipoyafahamu alikataa. Aprili 1891 akaja Paul Le Marinel kwa upande wa Léopold; naye hakupata alichotaka, ila aliacha kituo kidogo penye mto Lofoi. Oktoba akaja Alexandre Delcommune. Mwami akakataa tena.

Ingefaa kumsifu kwa uthabiti wake, kama nyumba yake mwenyewe ingekuwa imara. Lakini mwaka ule wa 1891 Wasanga walikuwa wameasi. Walichoka na kodi, walichoka na kuuawa kwa watu wao. Walizifunga njia, baruti ikapungua, watu wakakimbia Bunkeya, mashamba hayakulimwa na njaa ikaingia. Mwami aliyekuwa na maelfu ya askari akabaki mzee mgonjwa katika mji wenye njaa.

Tarehe 14 Desemba 1891 ikafika safari ya nne. Mkubwa wake alikuwa Kapteni William Stairs, mzaliwa wa Canada, mtumishi wa Léopold. Wachukuzi na askari wake wengi walikuwa watu wa Unguja na wa pwani, wenye bunduki za kisasa. Hivyo bunduki mpya zilifuata njia ile ile ambayo Kalasa na Msiri walizileta zile za zamani. Stairs alimtaka Msiri akubali bendera ya Léopold. Msiri alisita, akajaribu kuahirisha shauri. Tarehe 19 Stairs alipandisha bendera bila ruhusa yake. Usiku Msiri akaondoka Bunkeya, akaenda kijiji cha Munema kilicho karibu.

Asubuhi ya tarehe 20 Desemba Stairs alimtuma Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, pamoja na Bonchamps, Mfaransa, na askari mia hivi, wamlete Mwami. Bodson aliingia kijijini na watu wachache, akamkuta Msiri ameketi mbele ya nyumba, na watu wake wenye bunduki wamemzunguka. Kuhusu kilichofuata, Wazungu wa safari ile waliandika kwamba Msiri aliinuka na kutaka kuchomoa upanga. Wayeke husimulia vingine: kwamba mzee alipigwa akiwa hajamtendea mtu neno. Bodson alimpiga kwa bastola, Mwami akaanguka, akafa. Papo hapo mtu wa nyumba ya Msiri akampiga Bodson risasi ya tumbo, naye akafa siku ile ile. Stairs mwenyewe hakurudi Ulaya. Homa ilimwua Juni 1892 huko Chinde, pwani ya Msumbiji.

Je, nchi ikarudi kwa Wasanga? Wakubwa wa Wasanga na wa Walunda walitolewa chini ya Wayeke, na siku ile walifurahi. Lakini ardhi haikurudi. Serikali ya Léopold ilisema kwamba ardhi yote isiyokaliwa na watu ni yake, wala haikuuliza pori la kuwinda ni la nani, wala shamba lililoachwa lipumzike ni la nani. Theluthi moja ya ardhi hiyo ya Katanga ilipewa kampuni, Compagnie du Katanga. Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière. Mwaka 1910 ukapimwa mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, na mwaka 1911 tanuru yake ikatoa shaba ya kwanza. Mawe ya kijani ya mgodi wa Étoile yalikuwa yamejulikana na wenyeji zamani, nao walipaita Kalukuluku. Wasanga walimwona Mwami akianguka. Shaba waliyoitazamia wakaiona ikipanda gari la moshi.

Jamaa ya Msiri haikufa pamoja naye. Mukanda-Bantu mwanawe alikubali bendera na akawekwa mahali pa baba yake, katika nchi iliyopunguzwa sana. Hakuwa na njia ya kuchagua iliyo njema. Alijiunga na watu wa serikali ileile iliyomwua baba yake, akapigana upande wao, na hivyo akawaokoa Wayeke wasitawanyike. Wengine walimwita mwenye busara, wengine walimlaumu. Alitawala mpaka kufa kwake mwaka 1910. Kitanika, nduguye, akamfuata, akatawala miaka 30 hivi.

Baadaye walikuja wana wa ukoo waliosoma shule. Antoine Munongo, aliyekuwa Mwami tangu 1956, alikusanya masimulizi ya wazee juu ya Wayeke, yakachapwa kitabu mwaka 1967. Kazi njema, maana mzee akifa kabla ya kuulizwa, habari zake hazina pa kutafutwa. Godefroid Munongo, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1925, aliingia katika siasa. Mwaka 1958 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha Conakat, na Katanga ilipojitenga, tangu 1960 mpaka 1963, alikuwa waziri wake wa mambo ya ndani. Ndiye aliyekuwa na cheo hicho siku ile ya tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba alipouawa karibu na Élisabethville. Mwaka 1976 yeye naye akawa Mwami wa Wayeke. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Mei 1992.

Kila mwaka tarehe 20 Desemba Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri. Hupigwa ngoma, Mwami hutoka na mavazi yake ya enzi, na wageni hutoka Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Maneno ya Kiyeke husikika siku ile katika nyimbo na katika ibada za ukoo. Lakini sherehe ikiisha na watu wakiketi kula, husema Kisanga. Wayeke wa kwanza walikuja wanaume wengi na wanawake wachache, wakaoa mabinti wa nchi. Na mtoto huanza kusema kwa maneno ya mama yake. Kwa hiyo wajukuu wa Msiri wanaitana chakulani kwa lugha ya Mpande.